Waya wa Kibodi ya Mama

Kitendawili! Pacha wawili hunywa kwa mrija mmoja. Ukiuvuta wakiwa macho, mmoja huzimia. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Ni kibodi ya vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vilivyounganishwa kwa waya mwembamba.

Kibodi kama hiyo ilikuwa mezani kwao Mizuho, jijini Tokyo. Kila asubuhi, kabla ya shule, Mizuho alimfunga mama yake bendeji mikononi. Mama alikuwa mfasiri, na kuandika kutwa kwenye kibodi ya kawaida, mikono imebanwa pamoja, kulimuumiza. Ndipo Mjomba Iori, kaka yake mama, alipochora viganja vya mama kwenye karatasi, akapanga vitufe kwa urefu wa kila kidole, akalehemu mwenyewe. Mizuho alipewa kazi ya kuvivisha vitufe vifuniko. Alionywa jambo moja tu: asichomoe waya wa katikati umeme ukiwa umewaka.

Jumamosi, mama akiwa jikoni, Mizuho alitaka kukisogeza kipande cha kulia dirishani apate mwanga. Akachomoa waya, kisha akaurudisha. Kipande cha kulia kikawa kimya, hata herufi moja hakikuandika. Jumatatu mama alikuwa aanze kazi mpya.

Mama aliikuta hivyo, akampigia simu kaka yake. Mchana Mjomba alifika, akavua viatu mlangoni, akabonyeza vitufe, akakunja uso.

"Itakuwa lehemu yangu mbovu," alisema. "Nabandua vitufe vyote nianze upya. Leo simalizi, na kesho sijui."

"Labda ni mimi, nilibonyeza kwa nguvu," alisema mama.

"Wewe? Na hiyo mikono ya bibi harusi? Hata yai huvunji."

Wakacheka. Mizuho hakucheka. Chuma cha kulehemu alichochomeka Mjomba kilishaanza kutoa moshi.

"Mjomba, usibandue. Ni mimi. Nilichomoa waya, umeme umewaka."

Mjomba akakiweka chuma chini. "Kumbe iliyoungua ni chipu tu. Sisi mafundi wa vifaa vya umeme kule Akihabara, nani hajaiunguza? Mimi mwenyewe mbili. Ya akiba ninayo mkobani."

Mama akamgeukia Mizuho. "Mbona ulinyamaza, mwanangu?"

Mizuho akainama, akazima umeme kwanza.

Mjomba alichomoa chipu mbovu, akachomeka mpya, akawasha umeme. Mama akaweka mikono, mmoja huku, mwingine kule. Mabega yakamshuka, maneno yakaanza kutembea kwenye skrini.

"Sikiliza, mpwa wangu," alisema Mjomba. "Kuunguza chipu ni jambo dogo. Lakini ungenyamaza, ningeharibu vizima nikitafuta kibovu. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Ndiyo, Mjomba."

Mama aliacha kuandika, akamtazama, akangoja.

"Niliogopa, Mama," Mizuho alisema mwishowe. "Nilidhani utarudia kibodi ile ya zamani, mikono ikuume tena, na iwe ni kwa sababu yangu."