Mzigo wa Mpagazi

Levina alianika midoli kumi na miwili ya udongo kwenye sinia, akaenda bombani na mwanawe Bertila. Waliporudi walikuta midoli kumi na mitatu.

Alihesabu mara moja tu. Alikuwa amechoka. Tangu mumewe Leopoldi ahamishiwe kazi ya reli kule Kaliua, cherehani, kuni na maji ya nyumba ile ya Isevya vilikuwa vyake peke yake, na sasa kulikuwa na sherehe ya Bertila, atakayetimiza miaka minne Jumamosi. Mtoto alitaka sherehe ya midoli, basi Levina aliamua kuifinyanga. Udongo wa nyumbani ulikuwa na mchanga mwingi, akachimba mwingine kwenye shimo lililo kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa Kwihara.

Mdoli wa kumi na tatu ulikuwa mwembamba. Kichwani ulikuwa na ngata ya majani makavu, ile ya kuwekea mzigo. Jioni nyumba ilinuka jasho na ngozi mbichi ya ng'ombe. Levina alipiga deki mara mbili, harufu ikabaki.

Kesho yake mchana alikuwa akishona gauni la sherehe. Nje ya mlango mtu alihema kama aliyetoka mbali.

"Dada, nitue."

Saa kama hizo jirani yake, Mama Sixbert, hupita na ndoo kichwani na kichanga mgongoni, naye huomba kutuliwa. Mwenye mzigo hanyimwi. Levina hakuinua hata macho.

"Tua humo ndani, mwenzangu. Nimebanwa na cherehani."

Kitu kizito kilitua sakafuni hadi sinia likalia. Levina aligeuka. Hakuona mtu wala ndoo. Midoli yote ilikuwa imesimama, mmoja nyuma ya mwingine, ikiutazama mlango, na pale mkekani Bertila alikuwa ameinamisha shingo, mikono yote miwili juu ya kichwa, akishikilia kitu kisichoonekana.

"Mama, kizito."

Hadi asubuhi shingo ilikuwa haijanyooka, na uji hakuweza kuumeza. Levina alimpeleka Ipuli kwa Bibi Katarina, mganga ambaye misa ya Jumapili haikumpita. Bibi aligusa utosi wa mtoto, akasikiliza habari ya midoli, kisha akauliza udongo ulitoka wapi.

"Huyo ni mpagazi," alisema. "Alikufa njiani na mzigo kichwani, akiomba kutuliwa, wenzake wakampita. Sasa ni jini la njia ile. Ukimwambia atue kwako, mzigo wake hukaa kwenye kichwa kidogo kuliko vyote nyumbani. Shingo ya mtoto haitauhimili siku tatu."

Levina aliuliza kwa kunong'ona afanye nini.

"Ubebe wewe. Rudisha udongo wote kwa miguu, usiseme na mtu. Ukifika piga goti, utue mwenyewe. Ukirudi, waambie majirani. Atapita tena kuomba, na mtu yeyote asimjibu."

Alimwacha Bertila kwa Bibi, akarudi nyumbani, akajitwika sinia lenye midoli yote. Mzee Erasmus, fundi baiskeli, alingoja shikamoo yake, alipoikosa akasema kwa sauti kwamba mabinti wa siku hizi wameota pembe. Levina akapita na machozi yake, na kadiri alivyokwenda sinia likawa zito, zito kuliko udongo, zito hadi meno yakasagika, na nyuma yake nyayo nyingi zisizo na viatu zikawa zinakanyaga pale alipokanyaga, zikisimama aliposimama, hadi shimoni, akapiga goti, akatua.

Aliporudi kwa Bibi alimkuta Bertila anakula wali, shingo imenyooka, anauliza habari za keki.

Lililobaki lilikuwa kuwaambia majirani. Mara tatu Levina alikwenda kwa Mama Sixbert, mara tatu akarudi na chumvi ya kuazima. Angeanzaje? Wangesema nyumba yake ina majini, na Jumamosi asingekuja mtoto hata mmoja, wakati Bertila alikwisha kuwahesabu kwa vidole.

Wakaja tisa. Walichezea midoli ya vitambaa ambayo Levina alikuwa ameishona, wakaimba. Levina alikaa chini kwa mara ya kwanza wiki ile, akiwa amempakata mtoto wa Mama Sixbert, mama mtu akikata keki karibu na mlango. Macho yalianza kufumba. Kisha akasikia harufu ya ngozi mbichi.

"Dada, nitue," sauti ilisema nje, imechoka kama yeye.

Levina alifumbua kinywa. Watu wote walikuwa pale. Aibu ikamzuia, kitambo kidogo tu.

"Tua tu ndani, ndugu yangu," alisema Mama Sixbert bila kugeuka. "Karibu keki."

Mapajani mwa Levina, kichanga kikaanza kuwa kizito.