Kikapu Kinachoita Mara Moja

Jioni ile Tahani alitoka kwao mtaa wa Buyenzi kwenda kurudisha kikapu cha watu. Alikifunga ndani ya kanga, akakikumbatia kifuani, na kwa mkono wa pili akamshika binti yake Nawal, mwenye miaka tisa. Safari yenyewe si ndefu. Unapita magereji, unapita msikiti, unaingia Nyakabiga kwa mama Concilie, mwenye kikapu. Mafundi walikuwa wanaokota spana zao, na Magharibi ilikuwa karibu kuadhiniwa.

Tahani alikuwa mkaidi, tena wa kuzaliwa. Mama yake, marehemu Bi Miza, alizoea kumwita kutoka jikoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na yeye yuko na kitabu chake, anasikia, hataki. Ya nne ndiyo aliitika. Alichapwa, akanyimwa chakula, wapi! Nawal alipozaliwa, Bi Miza akaapa kwamba huyu hataharibika, akamlea mwenyewe hadi siku alipofumba macho. Nawal akawa mtoto wa kuitwa mara moja. Hujamaliza jina, tayari kasema "Abee!" Mtaa mzima ulimsifu kwa adabu hiyo.

Sasa, kikapu. Kilikuwa kidogo, cha kusukwa, kifuniko chake kirefu chenye ncha. Kilikuwa cha bibi yake Concilie, mtumishi wa Kiranga, pepo wa kale wa Warundi, enzi zile watu walipopeleka shida zao kwa Mungu kupitia kwake. Tahani alifundisha historia shuleni, na kila jioni aliingia kwenye mtandao mmoja ambamo wasomi wa dini za kale, visasili na sanaa hupeana picha na kubishana. Aliomba kukipiga picha. Concilie akamwazima kwa wiki moja.

"Photo piga tu," alimwambia. "Kifuniko usiguse."

Siku sita hakukigusa. Picha zake kumi zilisifiwa sana, lakini profesa mmoja mzee wa Ureno akauliza: na ndani? Wengine wakadakia. Kwa msomi, chombo ambacho hakijaonyeshwa ndani ni kazi nusu. Na nani alikuwa wa kumkataza Tahani kitu? Siku ya saba akafungua.

Hakukuwa na kitu. Udongo mweupe kidogo tu, na alama chini, alama ya kitu kilichokaa mahali pamoja kwa muda mrefu sana.

Akapiga picha, akaiweka mtandaoni.

Wa kwanza kujibu alikuwa mwanamke wa Norwe. Aliandika neno moja: *Karame.* Tahani akatabasamu. Ndivyo Mrundi anavyoitika akiitwa na mkubwa wake, naye akafikiri mama yule amejifunza Kirundi kidogo. Kisha mtu wa Brazili: *Karame.* Kisha Mjapani. Baada ya siku mbili walikuwa kumi na tisa, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika jambo jingine tena.

Sitasema Tahani aliogopa, maana akisikia atakasirika. Nasema tu kwamba jioni hiyo aliamua kukirudisha.

Walikuwa wamefika mwisho wa magereji, penye harufu ya oili iliyomwagika, Nawal alipogeuza kichwa nyuma.

"Abee!"

Tahani akasimama. Njia nyuma yao ilikuwa tupu.

"Nani amekuita?"

"Bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi Miza. Ameniita pale."

Bi Miza alikuwa kaburini mwaka wa tatu huo.

Mkono wa mtoto ulianza kupoa ndani ya mkono wake. Ulipoa haraka, kuanzia vidoleni...

"Nawal."

Mtoto akaendelea kutembea.

"Nawal!"

Tahani akamshika mabega, akamgeuza. Mtoto alimtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni.

"Nawal hayuko, madamu," akasema polepole. "Ameitwa."

Tahani hakujua alifikaje kwa Concilie. Alikumbuka tu kwamba alikimbia, kikapu kwapani, na mtoto anamfuata bila kuuliza kitu.

Concilie, muuguzi mstaafu, alifungua mlango akiwa na rozari mkononi. Alimtazama mtoto kwanza, ndipo akatazama kikapu.

"Ulifungua."

"Nilifungua, mama Concilie. Nimekosa."

"Na photo?"

"Nilipiga. Niliweka mu enternet."

"Watu ngapi wameiona?"

"Elfu mbili na kitu."

Concilie akafanya ishara ya msalaba. Akawaingiza ndani, akafunga mlango, akawasha mshumaa maana umeme ulikuwa umekatika. Nawal akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, macho hayapepesi.

"Bibi yangu hakunipa jina yake," Concilie alinong'ona. "Alisema tu, iko mumoja alikuwa anatumwa kuita watu waje mbele ya Kiranga. Kazi yake ni kuita. Kisha watu wakaacha. Sisi tukaenda kanisani, nyinyi musikitini. Yeye, hakuna mutu alimwambia kazi imeisha."

"Sasa anaita."

"Anaita na sauti ya mutu wako. Mara moja tu. Ukiitika, unaenda."

"Unaenda wapi?"

Concilie akakitazama kikapu.

"Mutoto wangu nitamurudishaje?"

"Bibi alisema mama anaweza kuitika mu nafasi ya mutoto. Mumoja anaingia, mumoja anatoka."

"Apana."

"Tahani, mwanangu..."

"Mi siitiki. Na mutoto wangu simuachi."

"Vyote viwili haviwezekani."

"Tutaona."

Alitoa simu, akaifuta ile picha. Ilizunguka, ikazunguka, ikapotea. Kisha akaweka kikapu mezani, mbele ya mshumaa, na kwa mikono yake mwenyewe akaondoa kifuniko kwa mara ya pili. Adhana ilisikika kutoka Buyenzi. Ilipokwisha, nyumba ilinyamaza kabisa.

Ikaja harufu. Udi... karafuu... mafuta ya nazi ya nywele.

"Tahani."

Sauti ilikuwa ya mama yake. Ilitoka jikoni kwa Concilie, na ilikuwa hai kabisa.

Miaka mitatu Tahani alikuwa amemwomba Mungu aisikie sauti ile hata mara moja. Alikumbuka siku zote alizojifanya hasikii, na alijuta, alijuta mpaka machozi yakamtoka. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Concilie alimkamata mkono, akatikisa kichwa.

Tahani akafuta uso kwa kanga.

"Kama wewe ni mama yangu," akasema, "ita tena. Mama yangu hajawahi kuniita mara moja. Alinijua mi ni mukaidi."

Akakisogelea kikapu.

"Ita tena."

Harufu ya udi ilikatika. Mahali pake ikaja ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa leo. Ndani ya kikapu kitu kilijisogeza...

"Huwezi," Tahani alisema, na sasa alikuwa na hasira. "We unaweza moja tu. Mi mama yake. Mi naweza mpaka asubuhi."

Akainama juu ya kikapu, akaita.

"Nawal."

Akaita tena. Akamwita kama anavyomwita kula, kama anavyomwita kuoga, kama anavyomwita akikuta kikombe kimevunjwa. Akamwita kwa jina la nyumbani ambalo wageni hawalijui. Mshumaa ulifika nusu. Sauti ilikauka, ikawa mikwaruzo, na Concilie akampokea, naye alipochoka Tahani akaendelea. Mtoto wa kwenye kiti aliwatazama tu.

Kisha, kutoka chini, mbali kuliko kina cha kikapu chochote...

"Abee."

Na kwenye kiti, papo hapo:

"Abee, mama. Mbona unalia?"

Tahani alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Mikono yake ilikuwa na joto. Concilie alishika kifuniko afunge, lakini akasita, akamwashiria Tahani asikilize. Chini kule kulikuwa na sauti nyingine, ndogo ndogo, kila moja na lafudhi ya kwao.

*Karame... karame... karame...*

Wote kumi na tisa.

"Hao si wetu," Concilie alinong'ona.

"Mi ndiye nilifungua," Tahani akajibu.

Tangu wakati huo, kila Jumapili saa tisa mchana, Tahani huenda Nyakabiga. Nawal humwacha kwa babu yake, dukani. Concilie huondoa kifuniko, Tahani huweka simu mezani na kufungua sauti yote. Upande wa pili kuna mume huko Norwe, au mama mzee huko Brazili, ambaye mtu wake yuko nyumbani, anakula, anavaa, lakini hageuki akiitwa. Tahani alimtafuta kila mmoja, akawaandikia. Baadhi walimtukana. Baadhi walipiga simu. Maelezo yake hayakuwa marefu: muite, usichoke.

Yule profesa mzee wa Ureno aliandika akimlaumu kwa kufuta picha, kwamba elimu haifichwi. Tahani alimjibu kwamba haifichi, anaijua sasa kuliko yeye, na picha hairudi.

Kumi na mmoja wamesharudi. Wanane bado.

Na kila Jumapili, kifuniko kikiondoka tu, harufu ya udi huja, na sauti huita mara moja. Tahani husema "Ita tena" bila hata kuinua kichwa. Yalikuwa yameshakuwa mazoea. Concilie hata alishaanza kucheka.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya yule mume wa Norwe. Alikuwa ameita saa nzima, sauti imeisha. Concilie alikuwa anamimina chai.

"Tahani."

"Ita tena," Tahani akasema, akitafuta chaja.

"Tahani!"

Chai ilimwagika mezani.

Sauti ni ile ile ya jikoni, pamoja na ile hasira kidogo ambayo Bi Miza alikuwa nayo kwenye mara ya pili. Wiki hizi zote Tahani alikuwa anaifundisha.

Kwenye simu yule mume alikuwa ameacha kuita, anauliza kuna nini, na Tahani akamwambia aendelee kuita, asisikilize kingine chochote. Kisha akavuta kiti chake karibu na kikapu kuliko siku zote, akakaa.

Concilie alimwinamia sikioni, midomo imemkauka.

"Mwanangu. Mama yako alikuwa anakuita mara ngapi, mpaka uitike?"

Tahani hakuondoa macho kwenye kikapu.

"Hilo," akasema, "sikwambii mbele yake."