Kompyuta Iliyosingiziwa

Kila mchana, akishamaliza kuosha vyombo, Assia alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote: kufuta vumbi kwenye kompyuta ya baba yake, ordinateri kama walivyoiita nyumbani. Ilikuwa ya kizamani hasa. Haikuwa na kioo chake, ilitumia televisheni ya nyumbani. Programu yake ilikaa kwenye kaseti ya kawaida, kama hizi za muziki. Ikizimwa au umeme ukikatika, mashine ilisahau kila kitu, ikabidi isomeshwe upya kutoka kwenye redio ya kaseti. Kitufe kimoja kilikuwa kimepotea zamani, na mahali pake kilibandikwa kifungo cha shati.

Baba yake, Mzee Uthmani, fundi redio wa mtaa wa Buyenzi, aliipata kwa Mzungu mmoja aliyefungasha na kuondoka vita vilipoanza. Watu wa mtaa walimcheka. Mjini Bujumbura wenye pesa walikuwa na kompyuta mpya, na huyu anahangaika na kikongwe hicho! Lakini yeye alikaa nayo masika mazima akaitungia programu ya hesabu. Televisheni inauliza swali. Ukipata inaandika VIZURI, ukikosa inaandika RUDIA, wala haichoki wala haigombezi. Mwaka ule wa 2002, watoto wa darasa la sita wa mtaa ule walijiandalia hapo mtihani wa taifa.

Aliyeitegemea zaidi ni Spès, rafiki yake Assia. Risasi ziliikimbiza familia yake kutoka mtaa wa Kinama, wakaja kukaa kwa shangazi yake Buyenzi. Shule yake ilikuwa imefungwa na madaftari yake yalibaki kule nyumbani. Mwalimu aliyebaki naye ni mashine ile tu, na mtihani ulikuwa unakaribia.

Sasa, bibi yake Assia aliishi Uvira, Kongo, ng'ambo ya mpaka, naye hakujua kusoma. Barua alizopelekewa zilikuwa za sauti: mtu anazungumza kwenye kaseti, na Nsimire, mama mfanyabiashara wa vitenge, anaivusha mpakani Gatumba na kumfikishia. Ijumaa jioni Assia alitafuta kaseti ya kumrekodia bibi. Karibu na redio aliona moja isiyo na jina, yenye kona iliyovunjika. Akaicheza kidogo. Ilitoa makelele ya kukwaruza ambayo hakuwahi kuyasikia.

"Hii imeharibika," akajisemea.

Hakujua kwamba makelele yale ndiyo programu yenyewe. Angejuaje? Kila mara baba yake alipoisomesha kompyuta, alichomeka waya kwenye redio, na spika ikanyamaza. Basi Assia akabonyeza kitufe cha kurekodi, akamsalimu bibi, akamwambia habari za nyumbani, kisha akairudisha kaseti mahali pake imngoje Nsimire.

Kesho yake asubuhi watoto walikuja. Mzee Uthmani alichukua kaseti, akachomeka waya, akasubiri. Televisheni iliandika kwamba imeshindwa kusoma. Akajaribu tena, ikashindwa tena. Akasafisha redio kwa pamba na spiriti, akabadilisha waya. Wapi!

Assia alichungulia kwenye redio. Akaiona ile kona iliyovunjika, na hapo hapo akaelewa. Akarudi nyuma hatua moja. Aliogopa hasira ya baba, na zaidi aliwaogopa wenzake waliokaa mkekani wakingoja.

"Imekufa," baba yake alisema kwa sauti ya uchovu. "Kitu ya zamani ni ya zamani tu. Mi nilijua siku moja itaniacha. Muende nyumbani, watoto. Nitamuita Callixte achukue vipande."

Callixte alikuwa mnunuzi wa vipuri, na hakukawia. Mzee Uthmani alitoa kaseti kwenye redio, akaiweka mezani, akaanza kufungua skrubu. Wengine walikuwa wameshatoka. Spès peke yake alibaki mlangoni, amekumbatia mfuko wake, akitazama kila skrubu inavyotoka.

"Hodi humu ndani," sauti ya Nsimire ikaita nje. "Assia, leta kaseti ya bibi, mi naenda. Gari haitaningoja."

Assia aliishika kaseti. Ilikuwa rahisi kabisa. Angempa Nsimire, kaseti ingevuka mpaka, na hakuna mtu ambaye angejua kamwe. Kompyuta ingebaki na lawama yake, na kompyuta haisemi. Lakini macho yake yalikutana na ya Spès. Rafiki yake hakuwa amelia hata siku familia yake ilipokimbia Kinama, na sasa machozi yalimlengalenga.

Assia akaiweka kaseti mkononi mwa baba yake.

"Baba, usifungue. Ordinateri haikukufa. Ni mi."

"We umefanya nini?"

"Kaseti ilikuwa inapiga makelele, nikasema imeharibika. Nikamurekodia bibi barua juu yake. Nisamehe, baba."

Mzee Uthmani alimtazama, akaitazama na kaseti. Akaweka bisibisi chini pole pole, akachomoa waya, akairudisha kaseti mwanzo, akaicheza kwa spika. Chumba kikajaa sauti ya Assia mwenyewe: "Bibi, salam alekum. Ni mi, mujukuu wako. Ile jino iliyokuuma ilishatoka? Baba anatufundisha hesabu kwa ordinateri yake ya zamani. Watu wanaicheka, lakini mi ninaipenda sana."

Nsimire, aliyekuwa ameshaingia, alishika mdomo kuzuia kicheko. Callixte hakujaribu hata kuzuia. Assia alitamani ardhi ipasuke immeze. Sauti yake ilimuaga bibi, ikanyamaza. Kisha, krrr, makelele yale yakaanza tena.

Mzee Uthmani akainua kidole. "Nyamazeni. Sikilizeni."

Uso wake ukakunjuka. Kaseti ni kitu dhaifu, aliwaeleza, kwa hiyo zamani aliihifadhi programu mara mbili, moja nyuma ya nyingine, akaja akasahau. Barua ilifuta ile ya kwanza tu.

"Bahati yetu we si mutu wa maneno mingi," alimtania binti yake. "Ungekuwa kama mama Nsimire, tungepoteza yote."

Akarudisha skrubu, akachomeka waya. Wakasubiri. Hatimaye televisheni ikaandika KARIBU.

"Alhamdulillah," alisema Mzee Uthmani.

"Amina," alijibu Spès, akaweka mfuko wake chini, akakaa mkekani.

Assia alishusha pumzi ndefu. Alijihisi mwepesi, kama aliyetua ndoo ya maji kichwani. Baba yake alimpa kaseti nyingine amrekodie bibi upya, na Nsimire akakubali kungoja. Callixte naye hakutoka mikono mitupu, alitoka na glasi ya chai.

Wageni walipoondoka, Mzee Uthmani aliwakalisha wasichana wawili mbele yake.

"Hata mi nimekosa," alisema. "Niliona mashine imezeeka, nikaipa lawama bila kusikiliza kaseti. Fundi anasikiliza kwanza. Lakini we, Assia, kumbuka hii: kosa ukilificha halipotei, linatafuta mwingine wa kulibeba. Leo lilimuangukia huyu mzee asiye na mudomo," akaigusa kompyuta, "na Spès angelipa. Ukisema pale palipoharibika, tutatengeneza. Ukificha, tutafungua kila skrubu na hatutapaona."

"Nimesikia, baba."

"Haya. Nenda ujibu swali."

Assia alikaa mbele ya televisheni. Kwa kuzidiwa na furaha, akakosea hesabu rahisi kabisa. Kompyuta haikugomba. Iliandika RUDIA, naye akarudia.