Vidonge vya Mama na Ini la Kishindo

Fundi cherehani alikuwa akipinda suruali alipoona kijibwa cha nyumbani kwao hakijagusa chakula. Ilikuwa siku ya tatu. Kiliitwa Kishindo, ingawa kilienea kwenye kikapu cha vitambaa.

Mbwa huyo aliachwa na mdogo wake fundi, aliyefariki mwaka uliopita. Tangu mazishi, mama yao hakuzungumza na majirani. Maneno yake yote yalikuwa ya Kishindo.

"Mama, Kishindo anaumwa."

"Najua. Nimempa dawa."

"Dawa gani?"

"Vidonge vyangu vya maumivu. Juzi kimoja, jana kimoja. Vinanisaidia mimi, vimdhuru yeye?"

Kishindo akatapika maji ya njano. Mkojo wake sakafuni ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Fundi akaiacha suruali chini ya sindano, akamfunika kwa shuka, akambeba mpaka kwa daktari wa mifugo, mtaa wa pili.

Daktari akamfunua mdomo.

"Tazama, dada. Ufizi huu ungepaswa kuwa wa waridi. Sasa ni wa njano, na weupe wa macho pia."

"Ni nini?"

"Huenda ni ini. Ini ndilo linalosafisha sumu mwilini. Lakini njano ina sababu nyingi, hata magonjwa ya kupe. Sina uhakika mpaka nipime damu. Amepewa dawa yoyote?"

Kwa fundi, kusema ni kumshtaki mama yake. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

"Vidonge vya maumivu, vya mama."

"Vizuri umesema. Dawa ya mtu inaweza kumuua mbwa, tena mdogo hivi. Niletee pakiti yake. Mngekuja siku ileile alipomeza kidonge cha kwanza, kazi ingekuwa nyepesi."

Kipimo cha damu kilionyesha kwamba ini limeumia. Daktari alisema huenda lilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na vidonge vikatia chumvi kwenye kidonda. Kishindo alilazwa siku mbili kwa dripu.

Nyumbani, fundi alimweleza mama yake taratibu.

"Nimemuua mbwa wa mwanangu," mama akasema.

"Hujamuua, mama. Hukujua."

Mama akageukia ukutani. Hakula siku nzima.

Kishindo aliporudi alikuwa mifupa mitupu. Daktari aliagiza dawa kwa saa zake, chakula kidogo mara nne kwa siku, kisicho na mafuta wala chumvi, na kipimo kila baada ya wiki mbili. Akitapika tena, akiyumba au tumbo likivimba, wasingoje kesho. Mama alifungia vidonge vyake kabatini. Kisha akaketi sakafuni, akamlisha Kishindo kwa kijiko.

Mwezi ulipopita, ufizi ulirudi kuwa wa waridi.

"Anakula," alisema daktari. "Ila ini halijapona lote. Ataishi kwa uangalizi. Kwa muda gani, sijui."

Jioni moja jirani alimwambia fundi, kutoka upande wa pili wa ua, kwamba mbwa wake anachechemea na atampa kidonge cha maumivu alichokuwa nacho mkononi. Kabla fundi hajajibu, mama alitoka nje.

"Usimpe, mwanangu," alimwambia jirani. "Mpeleke kwa daktari. Mimi nilimpa wetu, nikakaribia kumzika."

Jirani akarudisha kidonge mfukoni, akaenda kumchukua mbwa wake.