Vichupa Viwili vya Kulwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kulwa alichota maji na pacha wake Doto akafagia uwanja. Kisha wote wawili wakasimama kumwangalia mama yao akimeza kidonge chake cha homa ya ini. Mama Kulwa alikuwa amezoea. Aliwatania kwamba hata benki ya mjini hailindwi namna ile.

Alipogundulika kuwa na virusi vya ugonjwa huo, ambavyo mama huweza kumwambukiza mtoto anapojifungua, watafiti wa chuo kikuu walimwomba awalete mapacha wapimwe. Walikuwa na maabara ndogo Ibadakuli, mwendo wa bodaboda kutoka kwao Samuye. Humo Dokta Yasini na wenzake walichunguza kwa nini askari wa mwili wa mtu mmoja huvifukuza virusi kwenye ini, na wa mwingine hushindwa.

Mchukua damu alikuwa Bi Eunice, mtu wa utani. Alipowaona mapacha wale wa miaka kumi na miwili, sura moja, sare moja, alisema siku ile Mungu alikuwa na haraka, akafyatua wawili kwa kalibu moja.

Doto aliiona sindano, akarudi nyuma hadi mlangoni. Kulwa akatoa mkono wa kulia kwa jina lake. Mama alipokwenda dirishani kujaza fomu, Kulwa akavaa sweta la Doto, akarudi na kutoa mkono wa kushoto kwa jina la Doto. Bi Eunice alikuwa anakimbizana na muda, kwani chembe za damu zilitakiwa kufanyiwa kazi zikiwa bado hai. Hakuuliza kitu. Jioni Doto alimpa pacha wake muwa mzima.

Baada ya wiki mbili waliitwa. Dokta Yasini alieleza kwamba mapacha wote wawili hawana virusi. Watachanjwa tu, hawahitaji kurudi kupimwa. Mama Kulwa alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Kulwa alimgeukia pacha wake. Doto hajatoa hata tone la damu.

Doto akamfinya paja chini ya meza. Kulwa aliuondoa ule mkono taratibu.

"Dokta, vichupa vyote viwili ni vyangu," alisema. "Doto hamjampima."

Mama aliteremsha kanga. Alimuuliza kwa Kisukuma kama anajua anachosema, naye akarudia yaleyale. Bi Eunice hakuwa na utani tena. Alifungua daftari lake kubwa, lililobeba kazi ya watu wanne kwa wiki mbili. Kulwa alimsihi afute tu jina la Doto, mambo yaishe.

"Hapa hatufuti, mwanangu," Bi Eunice alisema.

Alipiga mstari mmoja mwembamba kuyakata matokeo ya jina hilo, yakabaki yanasomeka. Pembeni akaandika kilichotokea, pamoja na kwamba yeye mwenyewe hakuhakiki jina, akasaini. Dokta Yasini alisoma, naye akasaini chini yake.

Zamu ya Doto ilipofika, alilia kabla sindano haijamgusa. Bi Eunice alimshika mkono mpaka pumzi zikatulia.

Majibu yalitoka Ijumaa. Doto alikuwa na virusi. Dokta alieleza bila haraka kwamba ini lake bado ni zima, atapimwa kila miezi sita, na siku likianza kudhurika dawa ipo. Mama Kulwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ingekuwaje wasingejua.

"Angekuja kwetu akiwa mtu mzima, tumbo limejaa maji," Dokta alijibu. "Tungekuwa tumechelewa."

Kulwa aliinamisha kichwa. Bi Eunice alikaa karibu naye.

"Najua ulimhurumia," alimwambia. "Lakini ulimficha kwa watu waliokuwa wanamtafuta wamsaidie. Mashine zetu zinaamini jina lililobandikwa kwenye kichupa, basi. Siku ile ulisema kweli huku mama yako analia kwa furaha, na watu wazima wengi wangenyamaza. Ndiyo maana leo tunajua wa kumtunza ni nani."