Mgeni Alikuja Kuona Maua

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya uji, Wilhelmina alifagia uwanja wa kwao mtaani Pasiansi mpaka udongo ukabaki na mistari ya ufagio. Mama yake hakuvumilia hata jani moja, hasa siku ya mgeni. Watu wangesemaje? Ndivyo Wilhelmina alivyolelewa, na ndiyo maana alichaguliwa kiranja wa usafi alipofika darasa la sita.

Baada ya uji aliteremka kwenye bustani ya mji kando ya ziwa. Huko wanafunzi wachache walijitolea pamoja na Mwalimu Modesta. Walikuwa wamepewa eneo lililokuwa limebaki vumbi kwa kukanyagwa, ili walirudishie maua ya porini. Nyuki na vipepeo walikuwa wameadimika, na kina mama wanaolima mboga ufukweni walilalamika kwamba maboga yao yanachanua lakini hayashiki matunda. Mbegu nyingi zilitafutwa na Odoyo, rafiki yake Wilhelmina. Alipanda vilima vya mawe vya Ilemela kila alipotoka shule, akarudi na mifuko imejaa mbegu na magoti yamechubuka.

Eneo lile lilikuwa la majaribio. Msimamizi wa bustani, Bwana Obedi, angekuja kulikagua. Akiridhika, lingebaki la maua. Asiporidhika, lingemwagwa kokoto na kufungwa mahema ya sherehe.

Siku ya ukaguzi Mwalimu alikwenda getini kumpokea mgeni. "Mina, nakuachia wenzako," alimwambia Wilhelmina. "Hakikisha pamependeza."

Wilhelmina akatazama. Tusidanganyane, hapakupendeza. Mimea ilifika kiunoni, mingine imelala, na vichwa vya maua vilikuwa bado vimefumba. Alisikia aibu. Mgeni aone pori namna hii? Wenzake walikuwa ziwani kuchota maji, kasoro Odoyo.

"Odoyo, chukua fyekeo."

"Nifyeke nini? Haya ndiyo maua yenyewe. Mwalimu alisema tuyaache."

"Alisema tuyaache siku za kawaida. Leo kuna mgeni. Yatachipua tena."

"Mina, bado kidogo tu yachanue."

"Kiranja ni nani hapa?"

Odoyo alisimama kidogo, kisha akafyeka. Wilhelmina alikusanya majani kwa reki, akayatupa nyuma ya ukuta, akafagia. Eneo likawa safi kama uwanja wa kwao. Alijisikia vizuri sana, na hilo ndilo linalouma.

Bwana Obedi alifika, akatazama kushoto na kulia. "Maua yako wapi, Mwalimu?"

Mwalimu Modesta aliinama. Aligusa visiki vya mashina, kisha akawageukia watoto. "Nani amefyeka?"

"Ni Odoyo, Mwalimu," alisema Wilhelmina upesi. Kweli, fyekeo lilikuwa bado mkononi mwa Odoyo.

"Nani alikutuma?"

Odoyo alimtazama Wilhelmina akasubiri. Wilhelmina akageuka kutazama ziwa.

"Basi ni ukaidi wako mwenyewe," alisema Mwalimu. "Weka hilo fyekeo uende nyumbani. Jumamosi nyingine usije."

Odoyo aliweka fyekeo chini, akaondoka. Bwana Obedi naye akaaga.

Shuleni watoto walianza kumwita Odoyo "Fyekeo". Hakumshtaki mtu. Alihama dawati tu, akakaa peke yake karibu na mlango. Wilhelmina alishindwa kula hata samaki wa sato aliyekaangwa na mama yake. Katikati ya wiki hakuweza tena, akaenda ofisini kwa walimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unalia nini?"

"Mimi ndiye niliyemtuma Odoyo afyeke. Alinikataza. Ulipouliza nani alimtuma, nikanyamaza."

Jioni ile Mwalimu na Wilhelmina walikwenda kwanza kwa kina Odoyo, naye Mwalimu akamwomba Odoyo radhi mbele ya wazazi wake. Kisha wakaenda bustanini. Kokoto zilikuwa zimeshamwagwa.

"Siku ile ningeambiwa kwamba mtoto amekosea kwa kupenda usafi, ningewapa msimu mwingine," alisema Bwana Obedi. "Lakini niliambiwa ni ukaidi. Nikaona hapa hakuna wanaosikilizana. Sasa nimebaki na ukanda huu mwembamba kando ya uzio. Chukueni huo."

Jumamosi Odoyo alirudi na mbegu mpya. Wilhelmina alinyoosha mkono azipokee. Odoyo alimpita, akampa Mwalimu, akaenda kulima mwisho kabisa wa uzio.

Wilhelmina alibaki ameshika jembe. "Mwalimu, si nimeshasema ukweli?"

"Umesema, na umefanya vema. Odoyo amesafishwa jina, na nyuki watapata pa kutua, ingawa ni padogo." Mwalimu Modesta alichuchumaa kando yake. "Kufyeka lilikuwa kosa la kupenda sifa mbele ya mgeni. Hilo ningelisamehe palepale. Lakini ulipoona mwenzako anabeba mzigo wako ukageuza macho, ulitunyima eneo, na ukamnyima yeye rafiki. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

"Atakuwa rafiki yangu tena?"

"Hilo siwezi kukuahidi," alisema Mwalimu. "Mwombe msamaha wewe mwenyewe. Halafu usimharakishe."