Kigae Chini ya Ukuta

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku na mdogo wake, Kifungo, walifagia ua wa bibi yao, mwenye nyumba kongwe ya udongo shambani. Siku hizo fundi alikuwa akichimba kando ya kuta ili aimarishe msingi. Mtaalamu wa mambo ya kale, mama mmoja mwenye miwani, alimsimamia hatua kwa hatua. Chochote kilichotoka ardhini alikipima, akakipiga picha na kukiandika daftarini.

Jumatatu, Kifungo aliokota ushanga wa mfupa kwenye shimo la jikoni.

"Una macho makali, mwanangu!" mtaalamu alimsifu, akampa kazi ya kumshikia kamba ya kupimia. Bibi naye akamsimulia kila aliyepita njiani habari za ushanga huo.

Kijiba cha roho kikamkaba Chiriku. "Ushanga mmoja tu, keshakuwa malkia!"

Mchana, watu walipokwenda kula, alichukua kigae cha chungu chenye nakshi, ambacho kilikuwa hakijapimwa, kwenye trei ya vitu vilivyochimbwa jikoni, akakichomeka chini kabisa ya ukuta wa mbele. Kisha akapiga ukelele: "Njooni! Nimepata!"

Mtaalamu alipiga magoti. "Kikiwa chini ya msingi, basi kilikuwepo kabla ya nyumba! Fundi, simamisha kazi. Nachimba hapa wiki nzima."

"Wiki?" Fundi alitazama mawingu. "Ukuta huu umeegemezwa kwa magogo mawili tu, mama. Mvua ikinyesha leo, tutazoa matope."

Chiriku alisifiwa mpaka basi, lakini sifa hazikumnogea. Alimwona bibi akikokota godoro kutoka chumba cha mbele, chumba alichoingia akiwa bibi harusi. Machozi yakamlengalenga.

"Bibi, rudisha godoro. Kigae nilikiweka mimi. Nilikitoa kwenye trei ya jikoni. Nilimwonea Kifungo wivu."

Kifungo ndiye aliyejibu kwanza: "Si ungeniambia, dada? Kamba yenyewe inachosha mikono!"

Fundi alicheka, akarukia mwiko wake. Mvua iliponyesha jioni, msingi ulikuwa umeshashindiliwa mawe na udongo, na ukuta haukutikisika.

Mtaalamu alifuta daftarini ukurasa alioandika habari za kigae kile, akamkalisha Chiriku karibu naye.

"Kigae hakina mdomo," alisema. "Mahali kilipolala ndipo penye habari zake zote. Wewe ulikisemesha uongo, na nusura uongo huo umkoseshe bibi yako pa kulala. Ni vizuri umesema kweli mapema. Siku nyingine roho ikikuuma, njoo uombe kazi. Kazi zipo tele, mjukuu wa bibi; sifa ya kuiba ndiyo isiyokaa."